Dawa Iliyokukataa Ina Jina

Kando ya Waiyaki Way, pembezoni mwa Nairobi, kuanzia Uthiru kupitia Kinoo hadi Muthiga, mtu hatembei mwendo mrefu kabla ya kukuta duka la dawa. Wakazi wengi wa hapa huanzia matibabu yao kwenye duka hilo, si hospitalini. Mtu ametoka kazini Westlands au mjini, foleni imemchelewesha, koo linamuuma. Anashuka stejini, anasimama mbele ya dirisha la vyuma na kusema, "Daktari, nipe kitu cha koo." Vidonge vinahesabiwa kutoka kwenye mkebe mkubwa, vinatiwa ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, na juu yake panaandikwa kwa kalamu: 1x3. Kimoja, mara tatu kwa siku. Jina la dawa mara nyingi haliandikwi.

Dawa ikimkubali, bahasha itatupwa na hakuna atakayeikumbuka. Ikimkataa, yaani akiamka usiku mwili umefura mabaka yanayowasha, midomo imevimba na kifua kinambana, swali la kwanza atakaloulizwa popote atakapokimbizwa ni hili: umemeza dawa gani? Naye atajibu kama wengi wanavyojibu: ilikuwa tembe ya rangi mbili, nilinunua pale stejini.

Mzio wa dawa, ambao wengi wetu tunauita aleji, huelezwa kama bahati mbaya ya mwili wa mtu mmoja. Ni kweli kwamba mara ya kwanza ni vigumu kuutabiri. Lakini mara ya pili, ambayo mara nyingi ndiyo ya hatari zaidi, hutokea kwa sababu habari za mara ya kwanza zilipotea njiani. Na habari hizo huharibika kwa namna mbili. Yupo anayestahili kuonywa asionywe, na yupo anayebeba maisha yake yote onyo lisilo la kweli. Wote wawili wanadhurika, na dawa yao ni moja: kumbukumbu sahihi.

Namna mwili unavyoikataa dawa

Kwa baadhi ya watu, dawa inapoingia mwilini mara ya kwanza, kinga huiona kuwa adui na kutengeneza kingamwili za aina ya IgE. Kingamwili hizo hujishikiza kwenye seli maalumu zilizoko chini ya ngozi, kwenye njia ya hewa na tumboni. Mgonjwa hahisi lolote. Dawa ileile ikirudi, baada ya wiki au miaka, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine, na ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi mishipa midogo ya damu huanza kuvuja maji. Maji hayo huinua mabaka juu ya ngozi na kuvimbisha midomo na macho. Mambo yakizidi, shinikizo la damu hushuka ghafla na njia ya hewa hubana. Hali hiyo ndiyo anafilaksia, jina lililotungwa na Wafaransa Charles Richet na Paul Portier mwaka 1902. Richet alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1913.

Mabaka ya mzio yana tabia zake, na inafaa kila mzazi azijue. Huinuka juu ya ngozi, huwa na kingo zinazoonekana, huwasha sana, tena huhama. Lililokuwa mkononi asubuhi jioni halipo, na jingine limetokea mgongoni. Baka moja kwa kawaida halidumu zaidi ya saa 24, wala haliachi alama. Linalokaa mahali pamoja siku kadhaa, linalouma kuliko kuwasha, au linaloacha doa, huashiria tatizo jingine. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu unaoonyeshwa katika vitabu vingi vya tiba hauonekani vizuri. Baka huwa na rangi ya ngozi yenyewe au hukoza kidogo, na hutambulika zaidi kwa kupapasa na kwa kumulika mwanga wa ubavuni. Pengo hilo la vitabu ndilo lililomsukuma Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari jijini London mwenye asili ya Zimbabwe, kuandaa na walimu wake mwaka 2020 kitabu cha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia.

Upo pia mzio unaokuja polepole, usiopitia IgE. Vipele vidogo vidogo huenea kifuani na mgongoni kati ya siku ya 4 na ya 14 tangu dawa ianze. Wengi hupona dawa ikiachwa. Wachache huangukia kwenye ugonjwa wa kutisha uliopewa jina la Stevens na Johnson, madaktari wawili wa New York walioueleza mwaka 1922. Huanza kama homa ya kawaida, macho yanauma, koo linachoma. Kisha ngozi hubabuka, na mdomo, macho na sehemu za siri huchubuka. Katika sura yake kali kabisa, huua takriban mgonjwa 1 kati ya 3.

Ugonjwa huu hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 28 hivi tangu dawa ianze. Maana yake ni kwamba dawa ya kulaumiwa huenda si ile ya jana, bali ile iliyoanza wiki mbili zilizopita, ambayo bahasha yake ilishatupwa. Mgonjwa asiye na majina ya dawa zake hukaa kitandani huku madaktari wakikisia, na kila siku dawa yenye kosa inapoendelea kumezwa, ngozi zaidi inabanduka.

Si kila mwasho ni mzio

Watu wazima wa Afrika Mashariki wanakumbuka klorokwini. Ilitibu malaria, lakini wengi walijikuna usiku kucha hadi wakaapa kutoimeza tena. Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, si kwa sababu ya kuwasha. Na mwasho ule haukuwa mzio. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba klorokwini huamsha moja kwa moja neva za ngozi zinazobeba hisia ya mwasho, bila kingamwili yoyote. Aliyewashwa na klorokwini hakuwa katika hatari ya kuzibwa pumzi na dozi ya pili. Yeye na mtu mwenye mzio wa penisilini walitumia maneno yaleyale kwa daktari, lakini hatari zao zilikuwa mbali kabisa.

Mfano wa pili ni dawa za maumivu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuleta mabaka na uvimbe kwa kuvuruga kemikali za mwili, bila kingamwili. Kwa hiyo anayefura kwa mojawapo anaweza kufura kwa zote, hata kama hazifanani jina wala umbo. Parasetamoli kwa kawaida huwafaa watu hawa. Tatizo ni kwamba vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa kwa rejareja huwa na aspirini iliyochanganywa na parasetamoli na kafeini. Mtu huomba "ya kichwa," akapewa mbili mbili, asijue kwamba amemeza kilekile kilichomvimbisha uso mwezi uliopita.

Mfano wa tatu ni wa hatari zaidi, na haufahamiki sana. Enalaprili na dawa za jamii yake hutumiwa na watu wengi wenye shinikizo la damu. Kwa baadhi yao huvimbisha midomo, ulimi na koo bila baka hata moja na bila mwasho. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika hupatwa na hali hii mara kadhaa zaidi ya wengine. Inaweza kuja baada ya wiki moja, au baada ya miaka mitatu ya kumeza dawa salama, kwa hiyo hakuna anayeishuku. Mama wa miaka 60 anaamka ulimi umejaa mdomoni, nyumbani wanasema ni samaki wa jana, anapewa kidonge cha mzio ambacho hakisaidii sana, halafu kesho yake anaendelea na dawa yake ya presha. Uvimbe wa ulimi kwa mtu anayetumia dawa hizi ni dharura ya hospitali, na baada ya hapo ni lazima abadilishiwe dawa.

Mwisho, kuna virusi. Mtoto mwenye homa hupewa amoksilini, siku ya tano anatoka vipele, na tangu hapo kadi yake inaandikwa "ana mzio wa penisilini." Mara nyingi vipele vile vililetwa na kirusi kilichomletea homa, au na kukutana kwa kirusi na dawa. Onyo hilo litamfuata hadi uzeeni.

Funzo lililotoka Nairobi

Historia kubwa kabisa ya mzio wa dawa katika eneo letu ilitokea kilomita chache tu kutoka Kinoo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walijaribu dawa ya kifua kikuu iitwayo thiasetazoni. Ilikuwa rahisi kuliko dawa nyingine zote zilizoweza kuambatana na isoniazidi, dawa kuu ya kifua kikuu, na kwa nchi maskini hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwa miongo mitatu iliwaponya watu wengi.

Kisha UKIMWI ukaja. Katika Hospitali ya Magonjwa ya Kuambukiza jijini Nairobi, ambayo leo tunaijua kama Mbagathi, wahudumu walianza kuona wagonjwa wa kifua kikuu wakibabuka ngozi. Timu iliyoongozwa na Paul Nunn, wakiwemo madaktari wa Kenya, iliwafuatilia wagonjwa na kuandika ni nani aliyepewa nini na nini kikamtokea. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1991. Miongoni mwa wenye virusi vya UKIMWI, takriban asilimia 20 walipata mzio wa ngozi kwa thiasetazoni. Miongoni mwa wasio na virusi ilikuwa asilimia 1 hivi. Baadhi ya walioathirika walifariki.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba dawa hiyo isitumiwe kwa wenye virusi hivyo, na nchi za Afrika zikahamia ethambutoli licha ya bei yake. Mwili uliodhoofishwa na virusi haukuwa umeacha tu kupigana. Ulikuwa unapigana na dawa yenyewe. Na ukweli huo ulipatikana kwa sababu watu fulani waliandika majina ya dawa na tarehe, wakayalinganisha.

Funzo hilo liliendelea kutumika. Septrin, ambayo wenye virusi vya UKIMWI wamepewa kwa wingi kuwakinga na maambukizi mengine, ina salfa, na salfa ni miongoni mwa dawa zinazoongoza kwa mzio. Mwenye mzio usio mkali anaweza kuzoeshwa: huanzishiwa kiasi kidogo sana cha dawa ya maji, kinaongezwa siku baada ya siku chini ya uangalizi, hadi afikie dozi kamili. Mwongozo wa matibabu ya UKIMWI wa Kenya umeweka ratiba ya kazi hiyo. Aliyewahi kubabuka ngozi au kuchubuka mdomo hazoeshwi kamwe. Tofauti kati ya wawili hao ni maelezo ya kilichotokea, na maelezo hayo ama yameandikwa ama hayapo.

Nasaba nayo ina sehemu yake. Abakaviri, ambayo imetumiwa sana kwa watoto wenye virusi, huleta mzio mkali kwa baadhi ya wenye alama ya kurithi iitwayo HLA-B*57:01. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba Waafrika hawana alama hiyo kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Vipimo vikaonyesha kwamba kwa Wayoruba wa Nigeria haikuonekana, kwa Waluhya wa Kenya ilikuwa asilimia 3.3, na kwa Wamasai wa Kenya asilimia 13.6. Nchi moja, majirani wawili, hatari mbili tofauti. Anayesema "Mwafrika hana mzio huu" amesema juu ya mtu asiyekuwepo. Na kwa abakaviri, aliyeacha dawa kwa mzio akairudia anaweza kufa ndani ya saa chache. Hapo kujua jina la dawa ndiko kunakomwokoa mtu.

Penisilini na hofu yake

Kifo cha kwanza kilichoripotiwa kutokana na mzio wa penisilini kiliandikwa Marekani mwaka 1949, na tangu hapo hofu haijatoka. Amoxil, Augmentin na Ampiclox zote ni za ukoo wa penisilini. Mwenye mzio wa kweli akiikwepa moja akameza nyingine hajakwepa kitu. Huo ni upande mmoja.

Upande wa pili, nchini Marekani mtu 1 kati ya 10 hivi anasema ana mzio wa penisilini, lakini wanapopimwa vizuri, zaidi ya asilimia 90 huitumia bila tatizo. Wengine hawakuwa na mzio tangu mwanzo. Wengine walikuwa nao ukaisha, maana karibu asilimia 80 ya wenye mzio wa IgE wa penisilini huupoteza ndani ya miaka 10. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na onyo lisilopimwa humfanya mtu akimbie unyasi maisha yake yote. Hupewa dawa za gharama zaidi na zenye wigo mpana, na hivyo huchangia usugu wa vijidudu.

Kuna wagonjwa ambao kwao kukosa penisilini ni hasara kubwa. Mama mjamzito mwenye kaswende hana dawa nyingine iliyothibitishwa kumkinga mtoto aliye tumboni. Akiwa na mzio wa kweli, huzoeshwa penisilini hospitalini. Watoto wenye ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi huhitaji sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki 3 au 4, na wahudumu wengine huogopa kuidunga. Utafiti wa Gulu, Uganda, uliochapishwa mwaka 2022 uliwahusisha watoto 818. Kati ya waliopata sindano, asilimia 0.8 ndio ambao ugonjwa wao ulizidi. Kati ya wasiopata, ilikuwa asilimia 8.2. Anafilaksia ilitokea mara moja tu, tena nyepesi. Hofu iliyopimwa hivi inabaki kuwa tahadhari, na haizuii tiba.

Anayejiuliza kama onyo lake ni la kweli aanze na maswali. Ilikuwa lini, ndani au nje ya miaka mitano? Ulivimba uso au kukosa pumzi, au ngozi ilibanduka? Ulihitaji matibabu? Maswali hayo ndiyo msingi wa kipimo rahisi kilichotolewa na watafiti wa Australia mwaka 2020, na mwenye majibu yanayoashiria hatari ndogo anaweza kujaribiwa dozi ya mdomo hospitalini chini ya macho ya wahudumu. Asijijaribie nyumbani. Wataalamu wa mzio nchini ni wachache na wengi wako Nairobi, lakini maswali yenyewe yanaweza kuulizwa na muuguzi yeyote Wangige au Kikuyu.

Dakika za kwanza

Mabaka peke yake, bila uvimbe wa ulimi wala shida ya kupumua, hutulizwa na kuacha dawa na kutumia vidonge kama setirizini au Piriton. Lakini mabaka yakiandamana na kukosa pumzi, sauti kukauka, kutapika mfululizo au kizunguzungu, Piriton haitoshi. Haifungui njia ya hewa wala kuinua shinikizo la damu. Haidrokotisoni nayo huchukua saa kadhaa kufanya kazi.

Dawa ya anafilaksia ni adrenalini, kwenye msuli wa paja upande wa nje, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, na hurudiwa baada ya dakika 5 ikihitajika. Mgonjwa alazwe miguu ikiwa juu. Anayeshindwa kupumua aruhusiwe kukaa, lakini asisimamishwe ghafla wala kutembezwa kuelekea kwenye gari, kwa kuwa wapo waliokufa kwa kusimama tu. Akipata nafuu abaki hospitalini saa kadhaa, kwa sababu dalili zinaweza kurudi. Adrenalini ni dawa ya zamani na haina bei kubwa. Kila mahali panapodungwa sindano za antibiotiki panapaswa kuwa nayo mezani, si kwenye kabati ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliyetoka.

Karatasi ya njano

Kenya haikosi mfumo wa kuripoti madhara ya dawa. Bodi ya Famasia na Sumu ilizindua ufuatiliaji wa usalama wa dawa mwaka 2009, na mwaka 2010 nchi ikawa mwanachama wa 98 wa mpango wa aina hiyo wa Shirika la Afya Duniani, mpango ulioanza mwaka 1968 baada ya maafa ya thalidomidi, dawa iliyolemaza watoto wakiwa tumboni. Ripoti hujazwa kwenye fomu ya njano au kwa njia ya kielektroniki. Fomu huuliza mambo ya kawaida: dawa gani, dozi gani, ilianza lini, ikaachwa lini, nini kilitokea, mgonjwa aliishiaje. Ipo pia kadi ya tahadhari ambayo mgonjwa aliyepatwa na mzio mkali hupewa atembee nayo.

Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha. Mkazi wa Kinoo anaweza kununua dawa stejini Jumatatu, akaenda kliniki Uthiru Jumatano, akapelekwa Hospitali ya PCEA Kikuyu Ijumaa, na kila mahali aanze kueleza upya. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeweka msingi wa rekodi zinazomfuata mgonjwa. Lakini rekodi ya kidijitali itabeba tu kile kilichoandikwa mwanzo. Neno "aleji" bila jina la dawa, tarehe na maelezo ya kilichotokea halina faida hata likihifadhiwa kwenye kompyuta bora kuliko zote.

Mteja ana haki ya kudai kila dawa anayopewa iandikwe jina lake halisi, na akikataliwa, apeleke pesa zake duka la pili. Aliyefura apige picha mabaka yakiwa bado mwilini, kwa kuwa kufikia asubuhi huenda hayapo. Aandike jina la dawa, siku aliyoianza, muda uliopita kabla ya dalili, na kila kitu kingine alichomeza, mitishamba ikiwemo. Muuguzi asiridhike na ndiyo au hapana anapouliza habari za mzio. Aulize kilichotokea. Na ripoti ipelekwe Bodini hata pale mgonjwa alipopona, maana kisa cha Mbagathi kilijulikana kwa kuhesabu wagonjwa, hakikuonekana kwa mmoja.

Mgonjwa anadai mambo mawili kwa mfumo wa afya: asipewe tena dawa iliyomdhuru, na asinyimwe dawa isiyomdhuru. Mpaka sasa tunayavunja yote mawili kila siku. Tunayavunja si kwa kukosa mashine wala wataalamu, bali kwa kuacha kuandika maneno machache ambayo yeyote mwenye kalamu anaweza kuyaandika.